Ujumbe wa WhatsApp hauingii mpaka niifungue programu: kasoro iko kwenye simu, kwenye laini au kwa mtumaji?

#1 MwanaLimbani (Wete)

Asalaam aleikum wanajamvi. Naomba msaada katika jambo linalonisumbua tangu masika. Simu yangu ni ya Android, yenye laini mbili, na bado ni nzima. Ikiwa imekaa kimya mezani au mfukoni, ujumbe wa WhatsApp hauingii kabisa. Nikiiwasha skrini na kuifungua programu, ujumbe wote unamiminika kwa pamoja, wa asubuhi na wa mchana, na simu inalia mfululizo. Dada yangu aliyeko Muscat huona tiki moja kutwa nzima, akaingiwa na hofu kwamba ninaumwa, au kwamba nimemfungia nisipate ujumbe wake.

Kifurushi kipo, na programu ikiwa wazi mazungumzo yanakwenda bila taabu. Linalonishangaza zaidi ni kwamba nikiwa nyumbani kwa ami yangu Chake Chake, ambako kuna Wi-Fi, ujumbe unaingia papo hapo. Ninauza nyavu na vifaa vya uvuvi, na wateja wangu wa Fundo na Kojani huagiza kwa WhatsApp. Mteja asiyejibiwa mapema huagiza kwingine. Nimeshaizima simu na kuiwasha tena, na nimeisasisha programu, lakini hali ni ileile. Nianzie wapi?

#2 FundiDarajani

Wa aleikum salaam. Ulichokieleza ninakiona mara nyingi kwenye meza yangu ya kazi, na chanzo chake ni uokoaji wa betri. Tangu Android 6, iliyotoka mwaka 2015, simu iliyolazwa bila kuguswa, skrini ikiwa imezimika na chaja ikiwa haikuchomekwa, huingia katika usingizi ambao watengenezaji wanauita Doze. Wakati huo mfumo huzizuia programu zisitumie mtandao, na huzifungulia kwa vipindi vifupi tu ili betri isiishe upesi. Android 9 ya mwaka 2018 ikaongeza utaratibu wa kuzipanga programu kulingana na zinavyotumiwa, na ile isiyofunguliwa mara kwa mara ikabanwa zaidi. Juu ya hayo, baadhi ya watengenezaji wa simu wameweka vizuizi vyao wenyewe vilivyo vikali kuliko vya Android.

Ingia kwenye Mipangilio, kisha Programu, uchague WhatsApp, uguse Betri, na uiruhusu ifanye kazi bila vizuizi. Katika simu nyingine kuna pia swichi ya kuiruhusu programu ijiwashe yenyewe, nayo uiwashe.

#3 BintiKengeja

Nakubaliana na fundi kwa sehemu, ila kabla ya betri ningetazama data. Android 7 ilileta Kiokoa Data, na wengi wetu tunakiwasha ili kifurushi kidumu. Kikiwa kimewashwa, programu unayoitazama machoni hupata data kama kawaida, lakini ile iliyo nyuma ya pazia hunyimwa. Ndiyo maana ukiifungua tu WhatsApp, kila kitu kinaingia. Katika ukurasa wa programu yenyewe kuna pia swichi ya data ya chinichini, iangalie. Simu ya mama yangu ilikuwa na ugonjwa huohuo, na dawa yake ilikuwa hapo.

#4 Jirani_Fuoni

Ndugu, usijichoshe na mipangilio mingi. Ifute programu, uipakue upya, uandike namba yako, mambo yataisha.

#5 UmmuSalma_Mkoani

Ndugu wa #4, nakuomba kwa heshima usimpe mtu ushauri huo bila kumwambia kwanza ahifadhi mazungumzo yake. Ujumbe uliokwisha kufika hukaa kwenye simu ya mwenyewe. Haukai kwenye seva, yaani kompyuta za WhatsApp, ukakusubiri urudi kuuchukua. Fundi mmoja aliifuta WhatsApp kwenye simu yangu kwa tatizo dogo kuliko hili, hakuniuliza kama nina nakala, na ndani yake mlikuwa na sauti za marehemu baba yangu alizonitumia akiwa hospitalini. Sikuzipata tena. MwanaLimbani, kabla mtu yeyote hajaigusa simu yako, ingia kwenye mipangilio ya mazungumzo ndani ya WhatsApp, uhifadhi nakala kwenye akaunti yako ya Google, na uhakikishe kwamba tarehe ya nakala inayoonekana ni ya siku hiyohiyo.

#6 MaalimKonde

Allah amrehemu mzee wetu, Bi UmmuSalma.

Ninaona tumekimbilia dawa kabla ya kujua ujumbe unakwama wapi. Safari yake ina vituo vitatu: simu ya mtumaji, seva, na simu ya mpokeaji. Alama ya saa maana yake ni kwamba ujumbe haujatoka kwenye simu ya mtumaji. Tiki moja maana yake ni kwamba umefika kwenye seva, na mtumaji hana tena la kufanya. Tiki mbili za kijivu maana yake ni kwamba umefika kwa mpokeaji, na za buluu, zilizoanza mwaka 2014, maana yake ni kwamba umefunguliwa, ikiwa pande zote mbili hazijazima alama hiyo. Katika kundi, tiki ya pili haionekani mpaka wanachama wote wapokee, kwa hiyo msiitumie tiki ya kundi kumhukumu mtu mmoja.

Dada yako akiona tiki moja, basi simu yake na intaneti ya Muscat hazina kosa. Ujumbe umekaa kwenye seva ukikungoja, na huko huhifadhiwa hadi siku 30. Usipofika ndani ya muda huo, hufutwa. Mtumaji anaweza kuushika ujumbe wake kwa kidole, akafungua maelezo yake, akaona saa uliyofikishwa na saa uliyosomwa. Mwombe akutumie picha ya ukurasa huo, ukikumbuka kwamba saa ya Muscat iko mbele ya yetu kwa saa moja.

Nina swali moja pia. Je, namba yako imeunganishwa na kompyuta yoyote? Ikiwa imeunganishwa, tiki ya pili inaweza kutokea kwa sababu kompyuta imepokea, ilhali simu haijapata kitu.

#7 MwanaLimbani

Ahsanteni sana. Maalim, sina kompyuta iliyounganishwa. Dada ameleta picha: ujumbe ulitoka asubuhi, ukafikishwa saa ileile niliyoifungua programu, na ukasomwa muda mfupi baadaye. Bi UmmuSalma, nakala nimeihifadhi, na tarehe nimeiona.

#8 FundiDarajani

Basi Maalim amethibitisha nilichosema katika #2. Seva inatoa, simu imelala.

#9 MinaraNaMasafa (Chake Chake)

Fundi, heshima yako, lakini umeruka jambo moja. Usingizi wa Doze haubagui Wi-Fi na data ya laini. Kama ni Doze peke yake, kwa nini Chake Chake kwa ami yake ujumbe unaingia papo hapo? Tena Doze ina mlango maalumu. Ujumbe uliowekewa kipaumbele cha juu unaruhusiwa kuiamsha programu hata simu ikiwa usingizini, na kazi hiyo kwenye Android hufanywa na huduma ya Google iitwayo Firebase Cloud Messaging.

Kwa maoni yangu tatizo liko kwenye njia ya laini. Simu hushikilia muunganisho mmoja na seva za Google, na kila baada ya muda hutuma kishindo kidogo kuonyesha kwamba bado ipo. Baadhi ya mitandao ya simu huukata muunganisho uliokaa kimya ili nafasi itumiwe na wengine, kama bawabu anayefunga mlango akidhani nyumba haina mtu, na simu haitambui mpaka itakapotuma kishindo kingine. Ukiifungua programu, muunganisho mpya unaanzishwa na ujumbe wote unaingia. Hilo linafanana mno na alichokieleza mwenye uzi.

Vilevile tukumbuke ardhi yetu. Pemba ni vilima na mabonde, na mawimbi ya masafa ya juu yanayobeba sehemu kubwa ya 4G huzuiwa na kilima kwa urahisi kuliko ya masafa ya chini. Simu iliyoko bondeni hupanda na kushuka kati ya 4G, 3G na 2G, na kila inapobadilisha huweza kupoteza muunganisho wake.

#10 BintiKengeja

Maelezo ni mazuri, lakini hayakuangusha nilichosema katika #3. Kiokoa Data hakihusiki na Wi-Fi ya kawaida, kinabana data ya laini tu. Kwa hiyo nacho kinaeleza kwa nini Chake Chake ni salama na Wete si salama, bila kuwasingizia wenye minara. MwanaLimbani hajatujibu kama kimewashwa.

#11 FundiDarajani

Nami sijashindwa. Simu iliyochomekwa kwenye chaja haiingii Doze. Mtu akifika kwa ami yake, jambo la kwanza ni kuomba chaja, kisha anakaa barazani akiishika simu mkononi. Muulizeni kama simu ilikuwa imelala kweli huko Chake Chake.

Kuna jambo jingine ambalo wateja wangu hawalijui. Wengi wana tabia ya kuzifagia programu zote kutoka kwenye orodha ya zilizofunguliwa, wakiamini simu itakuwa nyepesi. Kwenye Android ya kawaida kufagia huko hakuna madhara makubwa, lakini katika simu za baadhi ya watengenezaji ni sawa na kuilazimisha programu isimame. Programu iliyolazimishwa kusimama haipokei chochote, hata ujumbe wa kipaumbele anaousema Minara, mpaka mwenyewe aifungue kwa mkono wake. Hapo Firebase haina la kufanya.

#12 LainiMbili (Mwanakwerekwe)

Naongeza kisa changu, kwa sababu mwenye uzi ametaja laini mbili. Mimi laini ya kwanza naitumia kwa simu za sauti na miamala ya pesa, na ya pili kwa data, ambayo ni rahisi zaidi. Simu nyingi za laini mbili haziwezi kuzihudumia laini zote kwa wakati mmoja. Ninapozungumza kwenye laini ya kwanza, data ya laini ya pili inasimama kabisa, na ujumbe unangoja nikate simu. Mfanyabiashara anayepigiwa simu siku nzima anaweza kuona kwamba WhatsApp yake ni mbovu.

#13 MaalimKonde

Ni kweli, na hata mwenye laini moja hupatwa na hayo akiwa kwenye 2G, kwa sababu huko simu ya sauti na data haziendi pamoja. Lakini kisa hicho hakilingani na malalamiko ya #1. Ndugu yetu anasema ujumbe unangoja hadi aifungue programu. Ungekuwa unangoja mazungumzo yaishe, ungeingia wenyewe mara baada ya kukata simu.

#14 NahodhaTumbatu

Je, haiwezi kuwa ni ule waya wa baharini? Nakumbuka mwaka 2024 intaneti ilizorota nchi nzima.

#15 MinaraNaMasafa

Nahodha, hilo lilikuwa tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo kila kitu huwa kizito: tovuti, video, miamala, hata programu ikiwa wazi mbele yako. Vivyo hivyo tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika duniani kote kwa takriban saa sita, kwa sababu ya mabadiliko yaliyofanywa kwenye mitambo yao wenyewe. Watu wengi walizifuta programu zao bure siku ile. Tatizo la MwanaLimbani linamchagua yeye peke yake, tena simu ikiwa imelala.

#16 NahodhaTumbatu

Nimefahamu, ahsante. Basi angalau waya umesalimika na lawama leo.

#17 MpembaDubai

Huku kwetu ujumbe wa maandishi na sauti zilizorekodiwa unafika vizuri, lakini simu za sauti na video za WhatsApp zimezuiwa katika Falme za Kiarabu, na hilo si la simu wala la betri. Nalisema kwa sababu jamaa walioko Pemba hutupigia, wakasikia inaita bila kupokelewa, wakadhani tumewasusa. Tuandikieni au tutumieni sauti, tutajibu.

#18 Jirani_Fuoni

Mpemba wa Dubai, wewe hata kabla hujaenda huko simu ulikuwa hupokei!

#19 KaraniVuga

Naomba niulize kwa sababu mimi yangu ni kinyume. Kwa data ya laini ujumbe unaingia, lakini nikiunganisha Wi-Fi ya kazini, arifa zinachelewa, na wenzangu wawili wanalalamika vilevile. Nyumbani Wi-Fi haina shida.

#20 MinaraNaMasafa

Hicho ni kisa kingine. Huduma ya arifa za Google kwa kawaida hupita kwenye lango namba 5228, na yapo mengine, 5229 na 5230, ambayo msimamizi wa mtandao wa ofisi huyafunga pamoja na mengine kwa ajili ya usalama. Mwombe afungue hayo, au ajaribu kwa simu yako peke yake aone kama hali inabadilika. Ila usichukulie kwamba jibu lako ndilo jibu la mwenye uzi, maana kwake Wi-Fi ndiyo inayofanya kazi.

#21 UmmuSalma_Mkoani

MwanaLimbani, samahani kwa swali hili. Unatumia WhatsApp yenyewe, au zile zilizobadilishwa ambazo vijana hupeana kwa faili, zenye rangi na mapambo? Hizo hazitolewi na wenye programu, zinaweza kusababisha namba ifungiwe, na mazungumzo yako unayakabidhi kwa mtu usiyemjua. Pia, yeyote atakayekwambia umpe namba ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe mfupi ili akutengenezee, usimpe, hata akiwa jirani. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa akaunti yako. Weka pia nambari ya siri ya uthibitisho wa hatua mbili, maana akaunti ya mfanyabiashara ikichukuliwa, wateja wake ndio wanaoombwa pesa kwa jina lake.

#22 MwanaLimbani

Bi, ninatumia ile ya Play Store. Nawajibu wote kwa pamoja.

Kiokoa Data kilikuwa kimewashwa, kama alivyohisi BintiKengeja. Betri ya WhatsApp nayo ilikuwa imewekewa vizuizi, kama alivyosema Fundi, na swichi ya kujiwasha yenyewe ilikuwa imezimwa. Nimevibadilisha vyote jana usiku. Leo ujumbe wa wateja umeingia simu ikiwa mfukoni, na dada ameona tiki mbili mara tu alipotuma, amefurahi mno. Lakini mchana nilikwenda Makangale kupeleka nyavu, na huko ujumbe ukachelewa tena mpaka nilipoifungua programu, ingawa alama ya mtandao ilikuwepo.

Kuhusu swali la #11, Chake Chake simu huwa kwenye chaja kweli wakati mwingine, lakini si kila mara.

#23 FundiDarajani

Alhamdulillah. Betri.

#24 BintiKengeja

Fundi, umesoma nusu ya ujumbe. Kiokoa Data kimetajwa kabla ya betri.

#25 MinaraNaMasafa

Nanyi nyote wawili mmeiruka Makangale. Mipangilio ni ileile iliyofanya kazi Wete asubuhi, simu ni ileile, laini ni ileile. Kilichobadilika ni mahali. Alama ya mtandao inaonyesha nguvu ya mawimbi yanayotoka mnarani tu. Haikuambii kama data inapita, wala kama muunganisho wa arifa bado upo hai.

#26 MaalimKonde

Mimi ni jirani wa Makangale, na ninajua kwamba upande ule wa msitu wa Ngezi simu hubadilika kati ya 4G na 2G kwa hatua chache. Lakini kisa kimoja cha mchana mmoja hakitoshi kumpa Minara ushindi. Pia MwanaLimbani amebadilisha mambo matatu kwa usiku mmoja, kwa hiyo hatuwezi kujua lipi limeponya. Nampendekezea arudishe Kiokoa Data peke yake, aache betri bila vizuizi, atazame kwa siku nzima akiwa Wete. Kisha afanye kinyume chake. Kiokoa Data kina orodha ya programu zinazoruhusiwa kutumia data bila kizuizi, kwa hiyo hata akitaka kukitumia daima, anaweza kuiweka WhatsApp humo, kifurushi chake kikaendelea kulindwa dhidi ya programu nyingine.

#27 LainiMbili (Mwanakwerekwe)

Na akienda Makangale tena, ahamishie data kwenye laini yake nyingine. Ikiwa ujumbe utaingia, basi mnara wa mtandao wa kwanza ndio wenye neno. Nasisitiza pia aangalie kama alikuwa akizungumza na simu wakati huo, maana hajasema.

#28 MwanaLimbani

Nilipigiwa simu mara kadhaa nikiwa Makangale, hilo ni kweli, lakini sikumbuki kama zilikutana na saa ya ujumbe. Nitafanya kama alivyosema Maalim: kesho Kiokoa Data kitawashwa peke yake. Makangale nina mzigo mwingine wa kupeleka wiki ijayo, na nitakwenda na data kwenye laini ya pili. Dada ameahidi kunitumia maelezo ya kila ujumbe pamoja na saa yake.

#29 FundiDarajani

Ukiwa huko, usizifagie programu. Nitauangalia uzi huu.

#30 MinaraNaMasafa

Na uandike pia kama juu ya skrini palikuwa na 4G, 3G au herufi E (alama ya 2G) wakati ujumbe ulipochelewa. Bila hilo tutabishana hadi msimu wa karafuu.